Rekodi ya kiumbe ni nini? Maelezo kutoka ukingoni mwa ziwa, mwanzo wa machipuko

Neno kurekodi linachanganya watu. Mtu akikuambia anaenda ziwani kurekodi ndege unamfikiria kashika simu ananasa sauti zao, na kweli sauti inaweza kuwemo, ila kwa watu wa ndege na wanyamapori rekodi ni kitu kingine, ni maandishi. Ni mstari mmoja mfupi unaojibu maswali manne: kimeonekana nini, wapi, lini, na nani kaona. Basi. Kikikosekana kimoja tu kati ya hivyo, ulichobaki nacho ni kumbukumbu yako, na kumbukumbu ni kitu kizuri lakini mtu mwingine hawezi kuifanyia kazi.

Mfano mtu anasema "mbayuwayu wamerudi!" Nafurahi kusikia, ila hiyo ni habari tu. Sasa weka hivi: mbayuwayu 3, wanaruka chini chini juu ya maji, upande wa kaskazini wa ziwa, 28 Machi, saa 1:10 asubuhi, na jina la aliyeona. Hapo ndo umepata rekodi, mtu akiisoma miaka 50 ijayo ataelewa kitu kilekile ulichokielewa wewe asubuhi ile umesimama pale na baridi yako.

Nimechagua mbayuwayu kwa makusudi maana stori yake na maziwa ni ndefu. Kule nchi za kaskazini, mwezi wa tatu ndo mwanzo wa machipuko, msimu wa miti kuchipua baada ya baridi, ila baridi bado ipo, na mbayuwayu ndo wanafika wakitoka Afrika, wamechoka, na wao chakula chao ni wadudu wanaoruka, sasa kwenye mashamba na bustani wadudu bado ni wachache sana. Juu ya maji kuna wale wadudu wadogo wanaofanana na mbu lakini hawaumi, mabuu yao yanakaa kwenye tope la chini ya ziwa, na wao wanaanza kutoka hata kukiwa na ubaridi. Kwa hiyo mbayuwayu wa kwanza kabisa humtafuti juu ya paa, unamtafuta ziwani, na ikirudi siku ya baridi kali ndo wanajazana hapo zaidi.

Sasa watu wa zamani waliona hayo hayo, mbayuwayu wanaonekana mara ya mwisho majini kabla ya baridi na mara ya kwanza majini baada ya baridi, wakahitimisha kwamba hao ndege wanalala kwenye tope la ziwa msimu mzima. Askofu mmoja wa Uswidi, Olaus Magnus, aliliandika hilo kwenye kitabu chake cha mwaka 1555, kwamba wavuvi wanawavuta mbayuwayu kwenye nyavu wakiwa wameshikamana kama fungu. Siwacheki watu wale, macho yao yaliona vizuri kabisa. Kilichokosekana ni yale maswali manne, ziwa gani, siku gani, mvuvi nani. Habari isiyo na vitu hivyo huwezi kuifuatilia, inabaki inasimuliwa tu, na hii ilisimuliwa kwa miaka na miaka.

Kilichokuja kuonyesha mbayuwayu wa Uingereza wanafika wapi hasa ni rekodi, tena mbili tu. Mwezi wa tano 1911 huko Staffordshire, mwanasheria mmoja anaitwa John Masefield alimvika mbayuwayu pete ndogo mguuni, ina namba B830 na anwani ya London. Desemba 1912 ndege yuleyule akanaswa ndani ya nyumba shambani huko Natal, Afrika Kusini, na mtu mmoja wa huko akaandika barua kwenye ile anwani akaeleza kaonekana wapi na lini. Ukiziweka rekodi hizo mbili pamoja, nini, wapi, lini, nani, mara mbili, umeshapata safari nzima kutoka Ulaya hadi kusini mwa Afrika. Mimi kila nikifikiria ile barua naguswa, yule mtu angeweza kuitupa pete na maisha yakaendelea.

Tuingie kwenye "nini", maana hapa ndo watu wanaogopa. Wengi wanadhani lazima ujue jina la kila ndege ndo uanze kuandika. Sio kweli. Ukiona bata yuko mbali, jua linakupiga usoni, umeona kivuli tu, andika bata asiyetambulika, hiyo ni rekodi halali na ni bora mara mia kuliko jina la kubahatisha, kwa sababu jina la kubahatisha likishaingia kwenye data halina alama yoyote ya kusema lilikuwa la kubahatisha. Na idadi nayo, usiandike wengi. Wengi ni wangapi? Hesabu, na kama kundi ni kubwa hesabu kumi kumi kwa darubini halafu uandike makadirio, 120 ya kukadiria inamsaidia mtu, wengi haimsaidii yeyote.

Andika na wanachokifanya kama unaweza. Mwanzo wa machipuko hiki kipengele ni kitamu sana, hasa kwa kibisi mkubwa mwenye kishungi, ndege wa majini anayepiga mbizi. Utakuta wawili wanaelekeana katikati ya ziwa, shingo zimenyooka, manyoya ya kichwani yamefumuka, wanatikisa vichwa huku na huku kama wanakataana jambo, halafu wanapiga mbizi wote, wanaibuka kila mmoja na majani ya majini mdomoni, wanaogelea wakikaribiana mpaka vifua vinagusana na wanasimama karibu wima juu ya maji, miguu inapiga kwa kasi chini. Sekunde chache imeisha. Mwanabiolojia Julian Huxley aliwaangalia hawa hawa kwenye mabwawa ya Tring, Uingereza, machipuko ya 1912, likizo ya wiki 2 tu, akiandika kila wanachofanya, na alichochapisha 1914 kikawa moja ya kazi za mwanzo kabisa za elimu ya tabia za wanyama. Wiki 2 na daftari.

Halafu sio ndege peke yake. Vyura wanashuka majini kutaga kipindi hicho hicho, mayai yako kwenye ute yameelea pembeni, kuna kipepeo wa kwanza, nyuki wa kwanza kwenye maua ya mapema, hata barafu yenyewe inapoyeyuka ziwani ni kitu cha kuandikwa. Robert Marsham wa Norfolk, Uingereza, alianza mwaka 1736 kuandika dalili za machipuko, mbayuwayu wa kwanza, vyura kulia, miti kutoa majani, na familia yake ikaendelea na kazi hiyo mpaka 1958. Kule Japani makuhani wa Ziwa Suwa wameandika kuganda kwa ziwa lao tangu 1443, na mto Torne mpakani mwa Finland na Uswidi una tarehe za barafu kuvunjika tangu 1693. Walioanzisha kazi hizo hawakuwa wanafikiria mabadiliko ya tabianchi, walikuwa wanaandika walichokiona kila mwaka, na leo wanasayansi wanasoma humo jinsi dunia inavyopata joto.

Kwenye "lini" kuna mtego mmoja ambao sisi tunaosema Kiswahili lazima tuwe makini nao. Daftarini unaandika saa 1 asubuhi, sawa, wewe na mimi tunaelewana. Ila ukija kuingiza kwenye apu, yenyewe inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa 1 asubuhi yako ni 07:00, ukiiingiza kama 01:00 umeshasema uliwaona mbayuwayu wanakula juu ya ziwa kwenye giza totoro. Amua mapema utatumia saa zipi kwenye daftari na ubaki nazo hizo hizo.

Apu za kuwekea rekodi zipo nyingi. eBird ilianzishwa 2002 na Cornell Lab, kituo cha utafiti wa ndege cha Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na shirika la ndege la Audubon huko Marekani, hiyo ni ya ndege, iNaturalist ni ya kiumbe chochote na inategemea zaidi picha au sauti. Kinachonifanya niipende eBird ni swali moja inalokuuliza mwishoni: je, hii ni listi ya ndege wote ulioweza kuwatambua? Ukijibu ndiyo, listi yako inaanza kusema hata usichokiona, yaani asipokuwemo kukuziwa, mtu anajua hukumwona, sio kwamba ulimdharau kwa vile yupo kila siku. Ndo maana nawaomba watu waandike ndege wa kawaida, shakwe, kukuziwa, bata wa kila siku, wote.

Kitu kimoja usikiweke hadharani, kiota. Kipindi hiki ndege wanaanza kutaga, na mahali kamili pa kiota cha ndege adimu pakijulikana watu watajaa pale, wengine kwa nia nzuri, wengine wanataka mayai. Apu nyingi zinaficha eneo kamili la spishi zilizo hatarini, ila usiziachie zenyewe kila kitu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Watu wote wanakimbilia tarehe ya kwanza, nani kamwona mbayuwayu wa kwanza mwaka huu, na ile raha naijua. Lakini tarehe ya kwanza peke yake ni dhaifu, kwa sababu inategemea macho mangapi yalikuwepo ziwani. Zamani mtu mmoja alikwenda Jumapili tu, leo wanakwenda watu 30 kila siku, ndege wa kwanza ataonekana mapema zaidi hata kama mbayuwayu wenyewe hawajabadilisha kitu. Kinachosaidia ni ziara zote, pamoja na zile ulizorudi mikono mitupu, ili mtu aweze kuuliza katika listi zote za wiki hii ni ngapi zina mbayuwayu, na wiki ijayo ngapi.

Na mwanzo wa machipuko ziwa lina milango miwili wazi kwa wakati mmoja, wakati mbayuwayu wanaingia, bata waliokuja kukaa kipindi cha baridi wanaondoka kurudi kaskazini. Anayeingia anajitangaza. Anayeondoka hatoi taarifa, siku unapomwona mara ya mwisho huna njia ya kujua kwamba ni ya mwisho, ni siku kama nyingine. Jumamosi umehesabu bata 40. Jumamosi inayofuata 12. Inayofuata 2, wako peke yao karibu na matete, unaandika 2 unaenda zako. Jumamosi ya baada ya hapo unazunguka ziwa lote kwa darubini, huwaoni, na mkono unataka kuiacha ile nafasi ya idadi wazi kwa sababu hakuna cha kuandika. Andika 0. Hiyo 0 ndo inayoifanya ile 2 kuwa tarehe ya kuondoka.