Kontrola ya begini, na kwa nini rumba haisikii kitufe cha SYNC

Harusi, sendofu, mahafali, uzinduzi wa duka: hizo ndizo kazi zangu hapa Dar es Salaam, na nyingi nazifikia kwa bodaboda. Spika na miksa vinakuwa vya ukumbi, au vya fundi mitambo aliyekodiwa na kamati. Mimi nafika na begi la mgongoni: laptopu, kontrola, hedifoni, kebo, na flashi ya akiba yenye nyimbo zote. Ndiyo maana mtu akiniuliza kontrola ipi ni nzuri, namuuliza kwanza atapiga wapi na atafikaje huko.

Kwa asiyeijua, kontrola ndogo ya kubeba haina muziki ndani yake. Nyimbo ziko kwenye laptopu au simu, na kazi ya kuzichanganya inafanywa na programu. Kontrola inakupa sahani mbili za kuzungusha, vitelezi ambavyo madijei tunaviita feda, vitufe, na mara nyingi kadi ya sauti, yaani sehemu inayotoa sauti kwenda kwenye spika na hedifoni, iliyojengewa humo humo. Hilo la kadi ya sauti nitalirudia sasa hivi, maana ndipo wengi wanapopoteza hela.

Ninayobeba mimi ni DDJ-FLX4 ya Pioneer DJ. Ina uzito wa kilo 2.1, chaneli mbili, yaani njia za nyimbo mbili kwa wakati mmoja, na inakula umeme wa laptopu kupitia waya ule ule wa USB. Ndugu yake mdogo, DDJ-200, ni nyepesi zaidi na bei yake ni ya chini, na vijana wengi wanaanza nayo. Sina ubaya nayo kwa kujifunzia chumbani. Lakini DDJ-200 haina kadi ya sauti. Sauti inatoka kwenye laptopu au simu yenyewe, kwenye tundu moja, na ili usikie wimbo unaofuata kwenye hedifoni kabla watu hawajausikia, inabidi utumie kebo ya kugawa: upande mmoja unakwenda kwenye spika, mwingine kwenye hedifoni. Maana yake ukumbi unapata mono, sauti ya njia moja badala ya kushoto na kulia. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa niliifanya kwa kebo ya namna hiyo. Kichwa cha kebo kilikuwa kimelegea, na nilipoinama kuokota kikaratasi cha ombi la wimbo, nikaugusa waya, na ukumbi mzima ukasikia nilichokuwa najaribia masikioni mwangu. Bibi harusi alikuwa anakata keki.

Kwa hiyo kontrola naigeuza kwanza mgongo kabla sijaangalia uso. Uso wa kila kontrola unapendeza dukani, una taa za rangi zote. Mgongoni natafuta vitu viwili. Cha kwanza, matundu ya sauti kuu yaliyo tofauti na ya hedifoni. Cha pili, aina ya matundu yenyewe. Kontrola nyingi za begini zina RCA peke yake, zile nyekundu na nyeupe, na FLX4 imo humo. RCA inafaa kwa waya mfupi, mita mbili au tatu hadi kwenye miksa iliyo jirani. Ukiuvuta waya huo mita kumi na tano kupita chini ya mazulia na juu ya nyaya za umeme, utaokota mngurumo. XLR, ile plagi ya pini tatu kama ya vipaza sauti, ndiyo inayovumilia safari ndefu, kwa sababu waya wake unabeba sauti mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa, na kelele iliyoingia njiani inafutwa mwishoni. Kama ukumbi unataka waya mrefu, muombe fundi akupe DI boksi, kisanduku kinachoigeuza sauti yako iweze kupita kwenye waya wa XLR, uchomeke hapo, yeye aendelee na XLR zake.

Mngurumo wenyewe ujue sauti yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ule mlio mzito usioisha mara nyingi ndio huo, umeingia kupitia chaja ya laptopu. Jaribu kuchomoa chaja. Mlio ukikatika, umempata mchawi, na DI boksi au kifaa cha kutenganisha njia ya sauti kitamaliza tatizo. Nimeshawaona watu wakikata mguu wa ethi kwenye plagi ili mlio uondoke. Tafadhali usifanye hivyo. Ule mguu ndio unaokukinga, wewe na MC mwenye kipaza sauti cha chuma mkononi.

Kuhusu kipaza sauti, kontrola nyingi zina tundu lake, na MC atakuja na waya wake akitaka uchomeke kwako. Mwambie kwa adabu akachomeke kwenye miksa ya ukumbi. Pale fundi anaweza kumdhibiti akianza kupiga kelele, na wewe mikono yako inabaki kwenye muziki.

Sasa umeme. Faida kubwa ya kontrola inayokula umeme wa laptopu niliiona kwenye ukumbi mmoja Tabata, maharusi wakiwa katikati ya kuingia. Umeme ulikatika, giza, feni zikasimama. Kwenye kioo changu mawimbi ya wimbo yakaendelea kutembea kama hakuna kilichotokea, maana betri ya laptopu ilikuwa inazilisha zote mbili. Nilisimamisha wimbo, nikaurudisha mwanzo wa kiitikio, kisha nikamwomba fundi ashushe sauti kuu ya miksa hadi chini kabisa na azime spika. Shangazi wa bibi harusi wakaanza kupiga makofi na vigelegele, msafara ukaendelea hivyo hivyo hadi jenereta lilipowaka. Tukasubiri litulie, tukawasha miksa, spika mwisho, tukapandisha sauti taratibu juu ya makofi yao. Spika zikibaki zimewashwa na sauti iko juu, umeme unaporudi hupiga kishindo kinachoweza kukuunguzia twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Kumbuka utaratibu: spika zinawashwa mwisho na kuzimwa mwanzo.

Ukitumia simu badala ya laptopu, inawezekana kabisa. Programu za kuchanganyia kama rekordbox na djay zina toleo la simu. Ila simu nyingi hazina nguvu ya kulisha kontrola usiku kucha, hivyo beba pawabanki. Na usitegemee nyimbo za mtandaoni ukumbini. Watu mia tatu wakianza kurusha video kwa wakati mmoja, bando lako halitafungua hata wimbo mmoja.

Kuhusu programu nitasema kwa ufupi kuliko watu wanavyopenda kubishania. rekordbox inafunguka bure ukichomeka FLX4. Serato DJ Lite nayo ni bure kwenye kontrola hiyo, lakini kurekodi na mengine mengi utayapata kwenye Pro ya kulipia. VirtualDJ ni bure kwa kuchezea nyumbani bila kontrola, ila kontrola au kazi ya malipo inataka leseni. Hiyo ndiyo iliyolea singeli hapa mjini, vijana wakipiga kwa kibodi ya laptopu bila kontrola yoyote. Traktor ina wapenzi wake, hasa wa muziki wa kielektroniki. Mixxx ni bure moja kwa moja, msimbo wake uko wazi, na inakubali hata Linux, kwa hiyo mwenye laptopu ya zamani asiikimbie. Hakikisha tu kontrola yako imo kwenye orodha ya zile inazozijua. Chagua moja, kaa nayo mwaka. Kazi yako ya kupanga nyimbo, kuweka alama za kuanzia na kurekebisha mapigo ndiyo mali yako, na kuihamisha kwenda programu nyingine ni usumbufu mkubwa.

Kwenye mipangilio ya sauti kuna namba moja ya kuijua, ukubwa wa bafa, yaani kipande cha sauti ambacho laptopu inakiandaa kabla ya kukitoa. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 512 inakuchelewesha takriban milisekunde 12. Ukiipunguza hadi 128 unabaki na kama 3, sahani inakuitikia mara moja, lakini laptopu yenye kazi nyingi itaanza kukwaruza sauti. Mimi naanza na 256, nazima Wi-Fi na masasisho, na nikisikia mkwaruzo hata mmoja nyumbani napandisha kwenda 512. Kwa harusi hakuna atakayejua tofauti. Mkwaruzo watausikia wote.

Mafaili nayo ni hivyo hivyo. Wimbo uliovutwa kwenye video na kubanwa hadi kbps 128 utasikika sawa kwenye hedifoni, kisha kwenye spika kubwa matoazi yatakwaruza kama mchanga. Nunua au omba kwa msanii mwenyewe, MP3 ya kbps 320 au WAV isiyobanwa. Na taa za kontrola ziache kwenye kijani, ziguse njano kwa nadra. Ukumbi ukitaka sauti zaidi, aongeze fundi kwenye miksa. Ukifika kwenye nyekundu huongezi nguvu, unakata vichwa vya mawimbi.

Nifike sasa kwenye kitu ambacho ndicho hasa kilichonifanya niandike. Video nyingi za kufundishia zimetengenezwa na watu wanaopiga muziki uliozaliwa kwenye kompyuta. Mapigo yake hayasogei tangu mwanzo hadi mwisho, na kitufe cha SYNC, kinacholinganisha chenyewe mwendo wa nyimbo mbili, kinafanya kazi yote. Muziki wetu nusu yake hauko hivyo.

Anza na singeli. Inakwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika, nyingine inakaribia 300. rekordbox ukiiacha ipime kati ya 70 na 180, singeli ya 210 itaandikwa 105. Hiyo si hasara. Bongo Fleva ya 105 inaingia humo kama mkono kwenye glavu, ngoma moja ya taratibu kwa mbili za haraka, na ukumbi unapanda bila kushtuka. Amapiano ya 112 inakupeleka kwenye singeli ya 224 kwa njia hiyo hiyo. Tatizo ni pale nyimbo chache zinapoandikwa kamili na nyingine nusu, au mashine inapohesabu ngoma za katikati na kutoa namba isiyo na maana. Kaa nazo nyumbani, pima moja moja kwa kugonga kidole, na tumia vitufe vya kuzidisha na kugawa kwa mbili mpaka zote ziwe mtindo mmoja.

Kisha njoo kwenye dansi, taarab na rumba ya Kongo. Bendi ilikaa studio pamoja, mpiga ngoma akawa anasikiliza waimbaji, na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, lilipoingia mapigo yakapanda kwa sababu damu ilipanda. Wimbo mmoja unaweza kumaliza ukiwa mbele mapigo manne au matano kuliko ulivyoanza. Programu inachora mistari yake ya mapigo kwa nafasi sawa, na baada ya dakika mbili mistari iko kwingine, ngoma iko kwingine. rekordbox ina upimaji wa namna ya Dynamic unaojaribu kuifuata ngoma, nao husaidia, ila usiuamini bila kusikiliza.

Mdogo wangu aliniletea tatizo hilo hilo sebuleni. Alikuwa amechanganya rumba mbili kwa SYNC, taa zote zinawaka vizuri, na ngoma zinakimbizana kama mbuzi kwenye mabati.

"Kaka, mbona namba ziko sawa halafu zinagombana?"

"Namba ziko sawa kwenye kioo. Zima hiyo SYNC, weka hedifoni sikio moja."

Nikamwonyesha ukingo wa sahani. Ukiugusa pembeni kwa kidole na kuusukuma kidogo mbele, wimbo unaharakisha kwa nukta moja kisha unarudi kwenye mwendo wake. Ukiuvuta nyuma unachelewa. Sikiliza mlio wa chini kabisa, yaani ngoma kubwa, si gitaa. Ukisikia "du-dum" badala ya "dum", moja imetangulia. Sukuma, sikiliza, sukuma tena. Kama inarudi kuteleza upande ule ule kila mara, ndipo uguse feda ya mwendo, tena kwa unywele. Weka upana wa feda kwenye asilimia 6, si 16, ili kila mguso uwe mdogo. Kwa sababu hii sahani na feda ni muhimu kwangu kuliko vitufe vya madoido. Kontrola ndogo mno, zenye sahani kama kifuniko cha chupa, zinakunyima kazi hii.

Kwenye taarab kuna jambo la ziada. Kile kitufe cha kuzuia sauti isibadilike unapobadilisha mwendo, Master Tempo, kinatetemesha vinanda na sauti ya mwimbaji ukisogea mbali. Ukisogeza asilimia moja au mbili tu, kizime. Sauti itapanda kidogo sana, na bado itakuwa sauti ya mtu.

Na rumba usizilazimishe kukaa pamoja dakika nzima. Mimi naweka alama pale sebene linapoanza, maana wazee wanainuka hapo. Naacha mwimbaji wa wimbo unaotoka amalize mstari wake, nahesabu nane, naachia sebene kwenye pigo la kwanza, na nyimbo zinakutana kwa mapigo nane au kumi na sita tu. Mafupi hayo mkono unaweza kuyashika.

Mdogo wangu alikuwa bado anatazama kioo badala ya kusikiliza. Nikachukua kanga ya mama iliyokuwa kwenye kiti, nikaifunika laptopu, tukabaki na kontrola na masikio. Jioni ya kwanza alikosea zote. Baada ya wiki tatu mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akaanza kucheza sebene, na kanga yake ilikuwa bado iko juu ya kioo.