Kasoro za nukta katika chuma kilichonururishwa: dhana potofu na ukweli

Chuma kilicho karibu na kitovu cha kinu cha nyuklia hupigwa na nyutroni kwa miaka mingi, kiasi kwamba kila atomu yake inaweza kung'olewa mahali pake mara nyingi kabla ya kinu kuzimwa. Bado chuma hicho hubaki kuwa fuwele iliyopangika. Jambo hili ndilo linalowachanganya wengi wanaoanza kusoma modeli za kasoro za nukta, yaani nafasi tupu na atomu za ziada ndani ya fuwele, na kutoelewana kwingi kunaanzia hapo.

Dhana: kila atomu inayong'olewa huacha tundu la kudumu

Dhana hii ndiyo iliyoenea zaidi, na inastahili kujibiwa kwa hesabu. Nyutroni yenye nishati ya elektronivolti (kipimo kidogo sana cha nishati) milioni 1 ikigonga kiini cha atomu ya chuma haiwezi kukipa zaidi ya elektronivolti 69,000 hivi, kwa kuwa kiini hicho ni kizito kuliko nyutroni takriban mara 56. Atomu iliyogongwa hutoka kwa kasi na kugonga jirani zake, nazo zikagonga nyingine, hadi eneo lenye upana wa nanomita kadhaa likavurugika mithili ya kitu kilichoyeyuka. Kwa kawaida huchukuliwa kwamba kung'oa atomu moja ya chuma kunahitaji elektronivolti 40. Kanuni ya Norgett, Robinson na Torrens ya mwaka 1975, ambayo hadi leo hutumika kupimia dozi (wastani wa mara ambazo kila atomu imeng'olewa), inasema kwamba elektronivolti 20,000 zikiishia katika migongano zitazaa jozi 200: nafasi tupu 200, pamoja na atomu za ziada 200 zilizobanwa katikati ya safu.

Uigaji wa kompyuta unaofuata mwendo wa kila atomu huonyesha sura nyingine. Ndani ya pikosekunde 10 hivi (pikosekunde ni sekunde ikigawanywa mara trilioni) eneo hilo hupoa, atomu nyingi huingia tena katika nafasi zilizo wazi, na jozi zinazosalia ni karibu theluthi moja tu ya zile 200. Nyingi ya atomu hizo hazirudi zilikotoka, bali hukaa katika nafasi ya jirani, na kwa hiyo fuwele hujipanga upya huku atomu zake zikiwa zimebadilishana mahali. Dozi iliyoandikwa katika ripoti, basi, hutaja kiasi cha kipigo ambacho chuma kimepokea, wala haihesabu kasoro zilizobaki ndani yake.

Dhana: kwa kuwa nafasi tupu na atomu za ziada huzaliwa kwa idadi sawa, mwishowe hufutana zote

Idadi ni sawa kweli, ila mwenendo si sawa. Katika chuma safi, atomu ya ziada huruka kutoka mahali hadi mahali kwa kuvuka kizuizi cha elektronivolti 0.3 hivi, ilhali nafasi tupu huhitaji takriban 0.67. Zaidi ya hayo, atomu ya ziada husukuma jirani zake kwa nguvu zaidi, na hivyo mistari ya mvurugiko iliyomo ndani ya fuwele, yaani mistari ambapo safu za atomu hazikupangika sawasawa, huivuta zaidi kidogo kuliko inavyovuta nafasi tupu. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini miaka ikipita huacha ziada ya nafasi tupu, nazo zikikusanyika huwa vitundu, na chuma huvimba. Mwaka 1967 Cawthorne na Fulton walitangaza kuonekana kwa vitundu hivyo katika chuma cha pua kilichotoka kwenye kinu cha Dounreay, Scotland. Modeli inayoacha upendeleo huo nje ya milinganyo yake inaweza kupatia mambo mengine mengi na bado ikashindwa kueleza uvimbe huo.

Dhana: kompyuta yenye nguvu ya kutosha itaonyesha yote kwa modeli moja

Vineyard na wenzake wa Brookhaven, Marekani, walichapisha mwaka 1960 uigaji wa fuwele ya shaba yenye atomu 500 hivi. Leo hufuatwa mamilioni. Hata hivyo, hatua moja ya uigaji wa namna hii ni takriban femtosekunde 1, yaani sekunde ikigawanywa mara milioni bilioni, na kinu hufanya kazi miaka 40, yaani zaidi ya sekunde bilioni 1. Ndiyo maana kazi hugawanywa: hesabu za kikwanta hutoa nishati za kasoro moja moja, uigaji wa mwendo wa atomu huonyesha migongano, mbinu ya Monte Carlo, inayochagua matukio kwa bahati nasibu kulingana na uwezekano wake, hufuata miruko ya kasoro, na milinganyo ya viwango, inayohesabu jinsi idadi ya kasoro inavyobadilika, hubeba miaka. Kwa maoni yangu, hatari kubwa iko pale ngazi moja inapokabidhi namba zake kwa nyingine, kwa sababu kosa dogo la nishati hukuzwa na kila ngazi inayofuata.

Hilo halimaanishi kwamba modeli ni ubashiri mtupu. Mwaka 2005 Fu na wenzake waliunganisha hesabu za kikwanta na Monte Carlo, wakalinganisha matokeo na majaribio ya chuma safi kilichopigwa na elektroni kikiwa kwenye baridi kali, kisha kikapashwa moto polepole huku ukinzani wake wa umeme ukishuka kwa vipindi. Modeli ilivipata vipindi hivyo. Ilionyesha pia kwamba vikundi vya nafasi tupu tatu au nne husogea kwa urahisi kuliko nafasi tupu moja, jambo ambalo mtu anayekisia tu asingelifikiria.

Dhana: dozi zikilingana, madhara yatalingana

Boriti ya ayoni (atomu zenye chaji ya umeme) inaweza kufikisha kwa siku chache dozi ambayo kinu huifikisha kwa miaka. Kwa kasi hiyo kasoro hujaa kwa wakati mmoja, hukutana na kufutana zaidi kabla hazijafika mbali, na halijoto ambayo uvimbe huwa mkubwa zaidi hupanda. Watafiti wanaotumia ayoni badala ya nyutroni kwa hiyo huongeza joto la sampuli kufidia kasi, na modeli zao lazima zihesabu pia uso wa sampuli, kwani ayoni nyingi hupenya mikromita chache tu, na uso ulio karibu hivyo humeza kasoro.