Je, wajua Desemba 9, 1961 Tanzania haikuwepo?

Kwa miaka mingi mtu akiniuliza Tanzania ilipata uhuru lini, sikusita: Desemba 9, 1961. Hata mpwa wangu nilimjibu hivyo hivyo siku tulipopita Mnazi Mmoja, karibu na mnara wa Mwenge. Nilimwambia kisicho sahihi.

Usiku ule bendera ya Mwingereza iliposhushwa Uwanja wa Taifa, Temeke, ambao sasa ni Uwanja wa Uhuru, nchi iliyopata uhuru ilikuwa Tanganyika. Zanzibar haikuhusika; ilikuwa bado na Sultani wake chini ya ulinzi wa Waingereza. Ndiyo maana mwaka 2021 mabango ya serikali yaliandikwa "miaka 60 ya Uhuru wa Tanzania Bara". Ila hilo nalo ni jina la baadaye. Mwaka 1961 hakukuwa na Tanzania ya kuwa na bara.

Fikiria maduka mawili yaliyopakana Kariakoo. La kwanza linafunguliwa 1961. La pili linafunguliwa Desemba 10, 1963, lakini siku 33 baadaye mwenye duka anaondolewa, wanaingia wenye duka wapya. Aprili 26, 1964 ukuta wa kati unabomolewa, biashara inakuwa moja. Sasa duka hili lilifunguliwa lini? Kila upande una jibu lake, na ukuta nao una tarehe yake.

Kalenda yetu imefanya hivyo hasa: Uhuru Desemba 9, Mapinduzi Januari 12, Muungano Aprili 26. Inayokosekana ni Desemba 10, siku Zanzibar ilipopata uhuru ikiwa na Sultani Jamshid. Na haikuwa siku ya jina tu, maana Zanzibar ilipata hadi kiti chake Umoja wa Mataifa. Lakini wenye duka wapya walihesabu uhuru wao tangu Mapinduzi, si tangu sherehe ya yule waliyemwondoa.

Mfano wa duka una kikomo, kwa kuwa Zanzibar ilibaki na serikali yake. Ukuta haukuondoka wote.

Kinachonivutia zaidi ni kibao cha mlangoni. Baada ya Muungano, nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar kwa miezi sita. "Tanzania" ilianza kutumika rasmi Oktoba 29, 1964. Siku hiyo si sikukuu. Ikiangukia katikati ya wiki, ofisi za Posta hufunguliwa kama kawaida.