Simu Ikikatika, Usiisingizie Miale ya Gamma

Malalamiko ya simu kukatika "kwa sababu ya mionzi ya angani" yamezidi kutufikia. Tunayapokea yote kwa nia njema, ingawa mengi hayahusiani na anga hata kidogo.

Ni kweli kwamba milipuko ya miale ya gamma, yaani mionzi yenye nishati kubwa sana kutoka anga za mbali, huivuruga ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe zenye chaji ya umeme. Tarehe 9 Oktoba 2022, saa 13:17 UTC (saa ya kimataifa), uliifikia Dunia mlipuko wa GRB 221009A, baada ya mwanga wake kusafiri takriban miaka bilioni 2. Miale hiyo ilibandua elektroni kutoka kwenye atomu za hewa. Mawimbi ya redio ya kilohezi 3 hadi 30, ambayo husafiri yakidunda kati ya ardhi na tabaka la chini la ionosfia, yakabadilika nguvu papo hapo. Huko juu zaidi, karibu kilomita 500, setilaiti ya China ya CSES ikanasa mabadiliko ya uga wa umeme. Baadaye elektroni huungana tena na ayoni, yaani atomu zilizopoteza elektroni, na hali hutulia. Kishindo kingine, cha tarehe 27 Agosti 1998, kilitoka kwenye nyota ya sumaku kali, SGR 1900+14: kwa dakika chache ionosfia ya usiku ikawa kama ya mchana.

Lakini simu ya mkononi huongea na mnara ulio jirani. Mawimbi yake hayapiti ionosfia. Hili tumelieleza mara nyingi.

Wenye vipokezi vya masafa ya chini, yaani vya mawimbi hayo ya kilohezi 3 hadi 30, taarifa zenu tunazihitaji. Andikeni masafa, mahali kilipo kisambazaji, mahali kilipo kipokezi, na muda wa kuanza na kuisha kwa UTC. "Leo asubuhi" haitoshi. Sisi huangalia kwanza miako ya Jua, yaani milipuko ya ghafla kwenye Jua, maana ndiyo mhusika wa kawaida mchana. Kisha kama mawimbi yanayopita njia nyingine nayo yamebadilika. Kisha rekodi za Fermi na Swift, setilaiti zinazonasa milipuko ya miale ya gamma. Chanzo kikiwa ni mtambo wa mtu, suala huhamia kwenye sheria. Kanuni za Redio za ITU (Shirika la Kimataifa la Mawasiliano), Kiambatisho cha 10, zina fomu ya kuripoti mwingiliano wenye madhara, na kurusha mawimbi bila leseni kunaweza kumletea mhusika faini au kunyang'anywa mtambo, kutegemea sheria za nchi.

Kabla ya kutuma rekodi, sawazisheni saa ya kompyuta. Ikikosea kwa dakika mbili tu, hatuwezi kuilinganisha na ya setilaiti.