Deni la anayekatiza muziki

Kazi yangu ni kuandika na kurekodi matangazo ya biashara ya redio hapa Lubumbashi, yale ambayo wateja wetu huyaita pub, na kipindi kinachonipa raha kuliko vyote si cha muziki wala cha soka, bali ni Under the Influence, kipindi kuhusu matangazo ya biashara ambacho redio ya taifa ya Kanada, CBC, imekirusha tangu 2012. Msimulizi wake, Terry O'Reilly, aliandika na kuongoza matangazo ya redio kabla ya kuanza kusimulia historia ya matangazo hayo, na jambo hilo husikika: anajua thamani ya kimya kifupi kabla ya neno la mwisho. Tunakisikiliza studioni kupitia intaneti, mimi nikiwafasiria wenzangu, na mara nyingi nalazimika kusimamisha sauti katikati kwa kuwa mjadala umekwisha kupamba moto.

Wazo lake ninalolipenda zaidi ni la mkataba usioandikwa. Anayekatiza muziki wa mtu ana deni kwake, na hulilipa kwa kumpa kitu: kicheko, hadithi, taarifa ya maana, au hata kipindi chenyewe. Mnamo Agosti 1922 kituo cha WEAF cha New York kiliuza muda wa hewani kwa kampuni iliyokuwa na nyumba Jackson Heights, na wasikilizaji wakapewa hotuba ndefu juu ya uzuri wa kuishi huko. Kufikia 1933 watengenezaji wa sabuni, Procter & Gamble, walikuwa wakigharimia mchezo wa kuigiza wa redio, Ma Perkins, na michezo ya aina hiyo ndiyo Wamarekani waliyoiita opera za sabuni. Hapo deni lilikuwa limeanza kulipwa.

Kipindi hiki kimenifundisha kuusikiliza upya mji wetu wenyewe. Klabu ya soka tunayoiita leo TP Mazembe ilianzishwa na watawa Wabenedikto mwaka 1939, na baadaye ikachukua jina la mfadhili wake, Englebert, kampuni ya matairi ya Ubelgiji. Baada ya kutwaa vikombe vyote mwaka 1966 ikajiongezea sifa ya Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote, na kwa jina hilo la matairi ikawa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Marehemu baba yangu alilitamka Englebert kama mtu anavyotaja jina la ndugu yake, ilhali hakuwahi kuwa na gari. Tangazo lililoingia ndani ya furaha ya watu kiasi hicho halihitaji tena kununua dakika. Hata hivyo siwezi kulisimulia bila uchungu, kwa sababu Kiswahili kina neno moja, mpira, kwa ule utomvu uliowatesa Wakongo enzi za Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, na kwa mchezo tunaoupenda, na katika jina Englebert maana hizo mbili zilikutana, tukashangilia.

Ndiyo maana naliona deni hilo kuwa zito zaidi kwetu, na ndiyo maana nabishana na wateja. Juzi mfanyabiashara wa unga wa mahindi alitaka jina lake litajwe mara saba katika sekunde 30, pamoja na bei na namba ya simu. Nilimwomba sekunde 20 za kwanza ziwe za mwiko unaosonga bukari, yaani ugali, na mama anayewaita watoto mmoja mmoja, jina la unga lije mara moja tu, mwishoni, baada ya kimya. Alisita sana, kisha akakubali tulirushe kwa juma moja. Sauti ya mwiko tuliirekodi jana jikoni kwa dada yangu kule Katuba, kwani sufuria tupu ya studioni haikuweza kutoa ule mlio mzito wa bukari inayokaribia kuiva.