Mmea mwenyeji si kila mmea anaotua nyigu

Mmea mwenyeji ni ule ambao mdudu hukulia: yai linaanguliwa hapo, buu anakula tishu zake, anageuka pupa, na mwishoni anatoka mdudu kamili anayeweza kuzaa. Maana yenyewe ni fupi hivyo. Lakini kila inapopigwa picha ya nyigu wa milimita moja juu ya jani, chini yake huandikwa "mmea mwenyeji" pamoja na jina la kichaka hicho. Huenda alikuwa amepumzika tu. Nyigu wadogo wa kundi la Chalcidoidea hupeperushwa na upepo, hukimbilia kivuli chini ya majani yoyote, na wakishakuwa wakubwa hunywa nekta au majimaji matamu ya vidukari kwenye mimea ambayo buu wao asingeweza kuishi.

Hata kutaga hakutoshi, na hapa ndipo wengi hubisha. Mchukue Trichilogaster acaciaelongifoliae, nyigu wa Australia aliyepelekwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupunguza mbegu za kichaka vamizi, Acacia longifolia. Jike huchomeka mayai ndani ya vitumba vya maua. Kitumba, badala ya kuchanua, huvimba kikawa kinundu, na ua linapotea pamoja na mbegu zake. Kabla hajaachiliwa Ureno mwaka 2015 alijaribiwa kwenye mimea mingine mingi. Alipofungiwa na machipukizi yaliyokatwa, bila chaguo jingine, alitaga hata kwenye mzabibu. Vinundu havikufuata, kwa hiyo mzabibu si mwenyeji wake. Kinyume chake, Afrika Kusini vinundu vyake huonekana mara chache kwenye Acacia melanoxylon. Huyo ni mwenyeji, japo wa pembeni. Kinachoamua ni buu, si mahali alipotua mama yake wala alipochoma.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu huja na ushahidi mkononi: nyigu ametoka ndani ya kinundu, mtu kamwona kwa macho yake, basi anamtangaza kuwa ndiye aliyekitengeneza na kwamba anakula mmea. Si lazima. Leptocybe invasa, anayefanya vinundu kwenye mikaratusi, aliripotiwa Kenya na Uganda mwaka 2002, miaka miwili kabla hajapewa jina la kisayansi, na Tanzania mwaka 2005. Ndani ya vinundu vyake hukulia pia nyigu vimelea, mathalani Quadrastichus mendeli na Selitrichodes neseri, ambao buu wao humla buu wa Leptocybe na hawagusi mkaratusi. Mwenyeji wao ni mdudu. Ukiwaandikia "mmea mwenyeji: mkaratusi" umemgeuza mlinzi kuwa mwizi, na mkulima akisoma hivyo atampulizia dawa.

Jenasi, yaani neno la kwanza la jina la kisayansi, nayo haikuokoi. Quadrastichus mendeli ni kimelea, ilhali ndugu yake Quadrastichus erythrinae, aliyepewa jina mwaka 2004, hula mmea na kukunja majani ya mibamba-ngoma, miti ya jenasi Erythrina. Huyo alipofika Hawaii mwaka 2005 aliua miti mingi ya asili ya Erythrina sandwicensis, na adui yake, nyigu Eurytoma erythrinae, alitafutwa hadi Tanzania kabla ya kuachiliwa Hawaii mwaka 2008. Buu wa Eurytoma hupita kutoka chumba kimoja cha kinundu hadi kingine akila waliomo, kisha hutokea kwenye jani lilelile kama vile ndiye aliyekitengeneza kinundu.

Njia ya kuwatenganisha ni kutenga vinundu. Chagua vilivyokomaa lakini bado havijatobolewa. Kwenye Leptocybe, kinundu kichanga ni kijani, baadaye huwa cha waridi chenye kung'aa, kisha hupoteza mng'ao na kuiva wekundu; chukua chekundu. Nyigu huyu huhitaji zaidi ya miezi minne kukua, kwa hiyo tawi lililokatwa likiwa na vinundu vya kijani litakauka buu akiwa katikati. Q. erythrinae ana haraka zaidi, humaliza kwa takriban siku 20. Kagua jani kwa lenzi ukiondoa kila mdudu aliyekwea, kata kinundu na kipande kidogo cha jani, weka kimoja katika kila kichupa pamoja na ukanda wa karatasi, na ziba kwa pamba. Kifuniko cha plastiki hutoa jasho, ukungu unaingia, na kila kitu kinaoza. Mfuko mmoja wa matawi mengi haufai kabisa: utapata nyigu wengi usijue nani katoka wapi. Vinundu vingine vichache vipasue kwa wembe. Buu mweupe asiye na miguu, peke yake katika chumba chake, yaelekea ni mwenye nyumba. Ukikuta mmoja amemng'ang'ania mwingine, umemkuta kimelea.

Waliotoka waingie kwenye alkoholi ya asilimia 95, na kibandiko cha penseli ndani ya chupa, maana wino wa kalamu nyingi huyeyuka humo. Chini ya hadubini anza na miguu: familia ya Eulophidae, wakiwemo Leptocybe na Quadrastichus, wana vipande vinne kwenye wayo, Eurytoma ana vitano. Lakini vimelea wawili wa Leptocybe niliowataja ni Eulophidae vilevile, kwa hiyo vipande vinne havimalizi kesi. Jike wa Leptocybe ana milimita 1.1 hadi 1.4, kahawia iliyokolea yenye mng'ao wa bluu au kijani. Q. mendeli ana manjano mwilini na hana mng'ao huo.

Mahali pa kinundu pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Leptocybe huvimbisha mshipa mkuu wa jani, kikonyo na vitawi vichanga. Vipele vidogo vilivyotapakaa kwenye bapa la jani la mkaratusi vinaelekeza kwa Ophelimus maskelli, nyigu mwingine kabisa.

Na mmea nao utambuliwe hadi spishi. Mikaratusi ina spishi zaidi ya 700, na Leptocybe hukua kwenye baadhi tu, kama Eucalyptus camaldulensis, E. tereticornis na E. grandis. Bana kwenye gazeti tawi lenye majani machanga na makubwa, vitumba vyenye vifuniko vyake, na matunda. Mibamba-ngoma husumbua, kwa kuwa mara nyingi huchanua bila majani, na vinundu viko kwenye majani; uwekee mti alama na urudi msimu wa maua.

Hadi hapo, kibandiko kisomeke "alikutwa juu ya" likifuatiwa na jina la mmea. Maneno hayo ni sahihi hata kwa nyigu aliyenaswa kwa wavu. "Mwenyeji" liongezwe siku atakapotoka kwenye kinundu kilichotengwa na kuthibitika kuwa ndiye aliyekitengeneza.