Mionzi ya anga za mbali: dozi anayoipata rubani na mhudumu wa ndege

Mhudumu anasukuma toroli la chakula katikati ya viti, futi 37,000 kutoka ardhini. Muda wote huo mwili wake unapenywa na chembe zisizo na rangi, harufu wala joto. Hiyo ndiyo mionzi ya anga za mbali. Kwa sababu yake, sheria za Umoja wa Ulaya zinamlinda mhudumu huyu kama zinavyomlinda fundi wa eksirei: wote wawili hupata mionzi kwa kuwa wako kazini.

Sehemu kubwa ya mionzi hii hutokana na nyota zilizolipuka mbali sana, na kiasi kingine hutoka kwenye jua letu. Ni protoni na viini vya atomu vinavyosafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Vikigonga hewa ya juu, huvunja atomu zake na kuzaa chembe nyingine, zikiwemo nyutroni, ambazo hunyesha kama mvua kuelekea chini. Victor Hess, mwanafizikia wa Austria, alipanda na puto zaidi ya mita 5,000 mwaka 1912, akakuta mionzi inazidi kadiri anavyopaa. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Huku chini hewa ndiyo paa letu. Ndege iliyo kilomita 10 au 12 juu imeshalipita sehemu kubwa ya paa hilo, na bodi yake nyembamba haiwezi kuwa kinga. Hata aproni ya madini ya risasi wanayovaa watu wa eksirei isingesaidia kitu mbele ya chembe zenye nguvu kiasi hicho.

Ipo kinga ya pili ambayo wengi hawaifikirii: usumaku wa dunia. Karibu na ikweta usumaku huo hukinga chembe nyingi zisipite, lakini kuelekea kwenye ncha za dunia chembe hizo hupenya kwa urahisi. Ndiyo maana kuhesabu saa za kuruka peke yake kunapotosha. Chukua safari mbili zinazoanzia Frankfurt. Ya kwenda Johannesburg huchukua saa 10 hivi, na kwa hesabu za ofisi ya Ujerumani ya kinga ya mionzi humpa mtu maikrosiveti 18 hadi 30 (siveti ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini; maikrosiveti 1,000 ni milisiveti 1). Ya kwenda New York ni fupi, saa 8 hivi, lakini dozi yake ni maikrosiveti 32 hadi 75, kwa kuwa ndege inapita kaskazini mwa Atlantiki. Wenzetu wanaoruka kati ya Nairobi na Dar es Salaam wako chini ya kinga nzuri ya ikweta, tena safari ni fupi. Anayepangiwa Nairobi hadi New York ana hesabu nyingine kabisa.

Kwa mwaka, wafanyakazi wengi wa ndege hupata milisiveti 2 hadi 5, juu ya mionzi ya kawaida ambayo kila mtu huipata. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, kwa hiyo hakuna sababu ya hofu. Tafiti zimekuta saratani ya ngozi na ya matiti zikitokea zaidi kwa wafanyakazi hawa, ila ni vigumu kuitenga mionzi na kazi za usiku na kubadilisha majira ya saa kila mara.

Kwa mjamzito suala hili ni zito zaidi. Ulaya, tangu mama anapotoa taarifa ya ujauzito kazini, mtoto aliye tumboni hatakiwi kuzidi milisiveti 1 hadi azaliwe. Kiasi hicho kinaweza kufikiwa kwa safari 7 hadi 15 za Frankfurt na New York, kwenda na kurudi. Wiki za mwanzo, wakati mama mwenyewe hajajua, ndizo zinazonitia wasiwasi, na kwa maoni yangu kila mhudumu anastahili kuelezwa haya siku ya kwanza ya mafunzo.

Dozi hizi kwa kawaida hukokotolewa kwa kompyuta badala ya kupimwa kwa kifaa cha kuvaa kifuani. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ina programu ya bure iitwayo CARI: unaingiza kiwanja cha kuondokea, cha kutua, mwinuko na dakika, nayo inakupa dozi ya safari. Mwenye daftari lake la safari anaweza kuanza hesabu yake leo, hata kama kampuni yake haimhesabii.